Teke la Mashavu

Msimamizi wa bwawa la kuogelea alikuja asubuhi, akakaa kwenye ukingo wa kochi kana kwamba ameambiwa kochi lenyewe ni la kuazima, akazungushazungusha funguo zake mpaka Hesabu akamhurumia.

"Sema tu, mkubwa. Chai inapoa."

"Nimekuja kwa jambo lilelile, mwalimu. Darasa bado ni lako. Nitakuwekea kiti pale ukingoni, chenye mikono, hutatia hata kidole majini. Wewe uwatazame na kuwahesabia, basi."

"Niwahesabie mimi?"

"Nani mwingine?"

Hesabu akacheka kile kicheko kikavu alichokipata tangu ajali. Aliona huyu bwana ama ana roho nzuri kupita kiasi, ama ana kichwa kigumu. Dunia nzima ya wazamiaji, nayo si kubwa, ilijua kwamba hesabu ndiyo iliyomwangusha.

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho. Wengine wote walimwita Hesabu, na mwanzoni lilikuwa jina la utani, kwa sababu alikuwa akihesabu kila kitu: ngazi, vijiko vya sukari, hata chafya za watu. Lakini chini ya maji utani uliisha. Hesabu alizama kwa pumzi moja, bila mtungi, macho yamefumbwa, mapezi marefu miguuni, na alijua yuko wapi kwa idadi ya mateke aliyopiga. Wenzake walivaa saa zinazolia ukifika kina fulani. Yeye alizidharau. Saa ina betri, alisema, na betri haina adabu, hufa bila kuaga.

Na katika mateke yake yote, moja lilikuwa na jina. Aliliita teke la mashavu. Mzamiaji anaposhuka, maji humkandamiza masikio, na lazima ayasukumie hewa kutoka ndani la sivyo yatapasuka. Hewa hiyo hutoka kifuani. Lakini kadiri anavyoshuka, kifua nacho hubanwa na kusinyaa, mpaka inafika mahali hewa haipandi tena hata ukiiita kwa jina. Kwa hiyo kabla ya kufika hapo, mzamiaji huvuta hewa ya kutosha kutoka kifuani, akaihifadhi mashavuni kama akiba, na hiyo ndiyo inayomfikisha chini na masikio yake mazima. Ukiichota mapema haitatosha, na ukichelewa hakuna cha kuchota. Hesabu aliichota kwenye teke lilelile miaka yote, na aliwafundisha wanafunzi wake kila mmoja ajue la kwake kama anavyojua jina la mama yake.

Siku ile kwenye machimbo ya zamani, lile shimo la mawe lililojaa maji baridi ambako wazamiaji wa mji ule walifanyia mazoezi ya kina, alifika kwenye teke la mashavu, akaiita hewa, na hewa haikuja. Akajikakamua. Angegeuka angekuwa salama, lakini hesabu ilimwambia yuko mahali pake, na Hesabu hakuwahi kuibishia hesabu. Akaendelea kidogo tu. Ngoma ya sikio la kulia ikapasuka, maji baridi yakaingia, na dunia yote ikaanza kumzunguka kama nguo kwenye mashine. Walinzi wa kamba ya kuzamia walimtoa akiwa hai, na watu walisema ana bahati.

Sikio lilikufa. Daktari alieleza kwamba kilichoharibika zaidi ni sehemu ya ndani kabisa, ile inayomwambia mtu wapi ni juu na wapi ni chini. Sasa Hesabu alitembea kwa kushika: ukuta, kabati, fremu ya mlango, bega la mtu. Mahali pasipo na cha kushika, sakafu iliinuka ikamfuata usoni. Kuzama tena ilikuwa ni hadithi. Hata hayo angeyavumilia, si haba, mtu huishi na mengi. Kilichomla usiku na mchana ni kwamba kichwa chake, chombo pekee alichokuwa akikiamini maisha yake yote, kilikuwa kimemsaliti waziwazi na yeye hakuhisi chochote. Kama kilimdanganya mara moja bila dalili, kitamdanganya tena, na safari hii atakayezama ni mtoto wa watu.

"Mwalimu asiyejua kuhesabu ni muuaji anayesubiri siku yake," alimwambia msimamizi. Akaivua filimbi shingoni, maana hakuwahi kuivua hata hospitalini, akamwekea mkononi. "Mpe yule binti mrefu. Nimemfundisha mwenyewe, yuko makini."

Msimamizi akamgeukia mume wa Hesabu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha kufutia vikombe. "Fundi, nisaidie basi. Mwambie mkeo. Leo mchana lazima nimkabidhi mtu, na nikishamkabidhi sitaweza kumnyang'anya."

Fundi alikifuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu. "Labda ni vyema apumzike," alisema. "Amechoka, bwana."

Akarudi jikoni. Baada ya muda kidogo akapita tena akiwa na kofia, akasema anakwenda dukani kuchukua jora la kitambaa cha kaboni cha kutengenezea mapezi kabla halijauzwa, akatoka. Hesabu alimshukuru moyoni kwa kutomlazimisha. Alimpenda sana dakika ile, na nalisema hili mapema kwa sababu baadaye halitaaminika.

Wazo la kugawa mapezi lilimjia Hesabu wakati msimamizi amekwisha simama kuaga.

"Hebu nisogeze mpaka karakana ya Fundi, mkubwa. Yule binti sitampa filimbi tupu. Nitampa na mapezi yangu ya kina. Nitayasafisha kwanza, kesho aje ayachukue."

Wakavuka ua, yeye ameshika bega la msimamizi, macho kayakaza kwenye mlango wa bati ili dunia isimchezee. Msimamizi akamkalisha kwenye kigoda mbele ya meza ya kazi, akamtazama kama mtu anayeacha mgonjwa kituoni, akaenda zake kukabidhi darasa.

Hesabu hakuwa ameingia humo tangu ajali. Harufu ya gundi ilimpokea kama ndugu. Kila kitu kilikuwa mahali pake: jiliwa kubwa la chuma la kubania vitu mwishoni mwa meza, pampu ya kunyonya hewa na mifuko yake ya nailoni, tanuri ambalo Fundi alilitengeneza kutokana na kabati la nguo, na ukutani safu ya mapezi yaliyoning'inia kwenye misumari, yote meusi.

Yote yalikuwa meusi kwa sababu yake. Zamani, ndoa ikiwa changa, Fundi alimtengenezea pezi linalong'aa kama bawa la mende, na Hesabu akalisifia wiki nzima, mpaka siku walipopima wakagundua linamchelewesha. Alicheka mpaka akakaa chini. "Macho yanadanganya miguu," alisema, na papo hapo akatunga sheria: kila bapa jipya, ule ubao mwembamba wa pezi, lipakwe rangi nyeusi moja, livalishwe kiatu cha aina moja, na yeye asiambiwe anavaa lipi. Aogelee, aseme miguu inasema nini, ndipo Fundi afichue. Wakawa wanafanya hivyo kila wiki kule bwawani, mchezo wao wa mume na mke, huku yeye akitoka majini na kutangaza hukumu kama hakimu: "Hili limelala. Hili lina kiburi. Hili nani kalipika?"

Sheria ilikuwa na mkia wake. Kwenye maji ya kina hatuchezi. Kule unavaa unachokijua.

Na Fundi alikuwa na mawazo, hilo hakuna aliyemnyima. Mafundi wengine wote walianzisha bapa kwenye vidole vya mguu. Fundi alisema huo ni upotevu, wayo mzima umekaa bure kama abiria. Yeye alitaka bapa lipite chini ya wayo mpaka kisiginoni, limezwe ndani ya soli, tabaka za kaboni zipungue taratibu kuelekea ncha, na mpindo uanzie chini ya mguu wenyewe. Alitaka pia bapa liinamie chini kidogo, kwa kuwa kifundo cha mguu wa binadamu hakinyooki hata ukikibembeleza. Kila teke, alisema, litamfikisha mtu mbali zaidi kwa pumzi ileile. Hesabu alimtania kwamba hilo bapa limeinama utadhani limekwisha fiwa. Majaribio ya kwanza yalivunjika. Yaliyofuata yalikuwa mazito. Lakini siku za karibuni watu walikuwa wakija kutoka mbali kumuulizia Fundi lile pezi lake jipya, na Hesabu, kutoka kitandani, alifurahi kwamba angalau mmoja wao mambo yanamnyookea.

Aliyatungua mapezi yake kwenye msumari wa mwisho. Aliyajua kwa viatu: mpira umechakaa kisiginoni, na jino la ngazi ya machimbo liliacha kovu upande wa kushoto. Akapuliza vumbi. Kisha, kwa mazoea tu, kama mtu anavyomgusa farasi wake shingoni, akaweka pezi moja gotini na kulikunja.

Hakulijua.

Akalikunja tena. Bapa lake la zamani lilikuwa likibisha kidogo kabla ya kukubali, na lilikubalia vidoleni. Hili lilikubali mapema, laini, na mpindo ulianzia nyuma, mahali ambapo kiganja chake kilikuwa kimeshika soli.

Alijiambia kwamba ni mikono, mikono imedhoofika. Akakibana kiatu kwenye jiliwa, akatundika kwenye ncha lile jiwe la chuma la kupimia. Bapa likainama taratibu, likaanzia kule chini ya kisigino, upinde mmoja mzuri usio na kona. Ni kazi ambayo angeisifia mbele ya watu. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye soli ya kiatu chake alichokivaa miaka, na kidole kikakuta mshono. Mwembamba, wa gundi, umepigwa msasa kwa subira mpaka jicho lisiuone.

Akachukua kisu cha kukatia kitambaa, akaufungua. Ndani ya soli, kutoka vidoleni hadi kisiginoni, kaboni ilikuwa imelala.

Hapo siku ile ikamrudia yote. Alivyozama akajisikia mwepesi, akawaza leo miguu ina baraka, leo Mungu kaamka na mimi. Alivyohesabu. Kila teke lilikuwa likimpeleka mbali kuliko alivyojua, na yeye akihesabu kwa uaminifu, moja baada ya jingine, hakuruka, hakurudia. Alipofika kwenye teke la mashavu alikuwa amekwisha kulipita zamani lile eneo ambalo hewa bado inapanda. Hakukosea. Mateke yalikuwa sawasawa. Kilichobadilika ni miguu, na hakuna aliyeiambia.

Alilia, na kilio cha kwanza, aibu iliyoje, kilikuwa cha furaha. Kichwa changu ni kizima, alisema kwa sauti, akiwaambia mapezi ukutani. Kichwa changu ni kizima. Halafu furaha ikaisha kama maji kwenye mchanga, akabaki anatazama ule mshono, na jinsi ulivyopigwa msasa.

Fundi aliporudi, alimkuta amekaa palepale. Alikuwa amebeba jora begani, anapiga mluzi. Aliona jiliwa, akaona soli iliyopasuliwa, mluzi ukakatika. Akaliweka jora chini polepole mno, kana kwamba ndani mna mtoto.

"Hesabu," alisema.

"Uliyabadilisha lini?"

"Jioni ya kuamkia ile siku."

"Ukanivalisha kwa mikono yako. Ukanifungia na mkanda wa kifundo. Ukaniambia, haya mke wangu, nenda salama."

"Nilitaka ukitoka nikwambie. Nilishaipanga hata sentensi." Alikuwa akitazama mikono yake. "Ningekwambia kabla, ungepiga teke kwa mashaka. Ungesema jipya silijui. Wewe mwenyewe ulisema macho yanadanganya miguu. Ni sheria yako, Hesabu."

"Sheria yangu ilikuwa ya bwawani!"

"Najua."

"Mwanamume wewe, umekaa na mimi miaka yote hii, umenisikia nikihesabu mpaka ndotoni, hukujua kwamba ukibadilisha teke umebadilisha hesabu?"

Sauti ya Fundi ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nilifikiria miguu tu. Wallahi nilifikiria miguu. Nguvu kiasi gani, mpindo kiasi gani, utaokoa pumzi kiasi gani. Masikio sikuyafikiria hata kidogo."

Na huo ulikuwa ukweli, Hesabu aliuona ni ukweli, na ndiyo maana ulimchoma hivyo. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Alikuwa fundi wa mapezi, aliyemwoa mwanamke mwenye miguu.

"Hayo nakusamehe," alisema. "Kukosea ni kukosea. Nieleze haya mengine. Niliamka hospitalini ukiwa umenishika mkono."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Pampu kwenye kona ilikuwa imezimwa, lakini Hesabu alisikia mvumo, kwa maana sikio lililokufa lilivuma siku zote.

"Neno la kwanza ulilosema," Fundi alijibu mwishowe, "ulisema, nilikosea hesabu. Ulilisema kabla sijafungua mdomo. Daktari akaandika, jamaa wakalichukua, wakaenda nalo. Nikaona... Nikaona umeshapata jibu."

"Nikalibeba mwenyewe."

"Ukalibeba mwenyewe. Na mimi nikakuachia. Kila siku nikasema kesho. Halafu watu wakaanza kuja kuliulizia hili pezi, na ikawa ngumu zaidi."

"Na leo asubuhi? Yule bwana anakuomba unisemee, filimbi ipo mkononi mwake, wewe unafuta kikombe. Ungesema neno moja tu. Ungesema, mke wangu anajua kuhesabu."

"Nilitaka."

"Ulisema nimechoka."

Fundi alikaa chini sakafuni, kwenye vumbi la msasa, akajishika kichwa. Alilia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyezoea. Zamani kilio hicho kingemyeyusha Hesabu. Sasa alikitazama tu, na akaona kitu kinachomtisha kuliko mengine yote: moyoni mwake hapakuwa na hasira tena. Hapakuwa na chochote. Darasa lilikwisha kabidhiwa, binti mrefu saa hizi anapuliza filimbi pale ukingoni, anawaambia watoto kila mmoja ajue teke lake. Kesho habari ikienea kwamba hesabu ilikuwa sawa, watu watasema pole, na dunia itaendelea kuzunguka kichwani mwake vilevile. Kuwa sahihi hakukumrudishia hata sentimita moja ya maji.

"Nitayachoma," Fundi alisema. "Yote. Leo hii. Sitauza hata moja."

"Usiyachome."

"Hesabu..."

"Ni mazuri," alisema, akilitazama lile lililobanwa kwenye jiliwa. "Nimeyapima. Ndiyo mazuri kuliko yote uliyowahi kutengeneza. Waambie tu watu wahesabu upya."

Akainuka. Alitaka kwenda kwa dada yake, mtaa wa pili; hakuchukua mkoba wala viatu vya nje, alitaka kutoka tu, apitie geti, asilale tena na huyu mtu. Alishika meza, akashika jiliwa, akashika fremu ya mlango. Mbele yake ua ulikuwa wazi, mtupu, wa saruji, jua limeutandaza. Aliujua ua huo hatua kwa hatua. Akaanza kuhesabu, kwa sauti ili Fundi asikie, na kila hesabu ilikuwa sahihi, mpaka katikati ya ua saruji ilipoinuka upande mmoja, ukuta ukalala, na magoti yake yakafika chini kabla ya mikono.

Akabaki hapo, ameinama, viganja kwenye saruji ya moto. Geti lilikuwa palepale, mbele kidogo, na hapakuwa na cha kushika mpaka kulifikia. Alijaribu kusimama. Akajaribu tena.

Nyuma yake alisikia viatu vya Fundi vikija, kwa sikio lile moja lililobaki. Vikasimama. Mkono ukashuka mbele ya uso wake, una vumbi jeusi la kaboni kwenye mistari ya kiganja, haukumgusa, ulisubiri tu.

Hesabu aliutazama muda mrefu. Kisha akaushika.